Polisi Waliofika Upesi

Wiki jana binti yangu alikuwa akitazama mchezo wa upelelezi kwenye simu. Polisi walifika kabla hata maiti haijapoa. Nikauliza, "Hao wametoka wapi?" Akanijibu, "Mum, si unyamaze bana."

Nilikasirika, kisha nikamkumbuka Mama Nekesa, jirani yetu kule Matisi nilikokulia. Alasiri moja ya utoto wangu sebule yetu ilinuka mahindi ya kuchoma na asidi ya betri ya gari iliyowasha televisheni, betri ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimeisukuma kwa wilbaro kutoka kuchajiwa. Picha ilikuwa imeanza kunywea pembeni. Mpelelezi wa filamu alikuwa karibu kumtaja muuaji, Mama Nekesa naye akaanza.

"Uongo. Ati mtu anapiga simu, gari inakuja hapo hapo? Petroli nani ameweka?"

Baba akamuunga mkono, Mama akawapinga, wakapigizana kelele hadi betri ikaisha kabla muuaji hajatajwa. Nililia kwa hasira. Nilidhani mwanamke yule alipenda tu kuwaharibia watoto raha, na wiki nzima sikumwamkia.

Sisi watoto tulikuwa tumeambiwa mumewe yuko safarini. Nilikuwa mtu mzima nilipoelezwa kwamba alikutwa ameuawa kwenye shamba la mahindi karibu na Moi's Bridge. Mkewe alipokwenda kituo cha polisi aliambiwa gari halina mafuta, akarudi kukaa na maiti hadi siku ya pili.

Muuaji wake pia hakutajwa.