Mama Taipu na Kompyuta Isiyoona

Saa mbili asubuhi mvua imekatika mjini Kyela, lakini mabati ya sokoni bado yanadondosha maji. Tusajigwe Mwambene anafungua kufuli la kibanda chake cha mbao, mkabala na mashine ya kukoboa mpunga. Anapangusa meza, halafu anakunjua khanga iliyofunika kompyuta yake ya kupakata, taratibu, kama mtu anayemfunua mtoto aliyelala.

Anabonyeza kitufe cha kuwashia. Hakiangalii kioo. Anainamisha kichwa, sikio karibu kabisa na vitufe, na anangoja. Ndani feni inakoroma, inakohoa kidogo, inatulia. Kisha unasikika ule muziki mfupi wa mashine kuamka.

"Imeamka," anasema.

Kioo ni cheusi tii, kama chungu cha maharage.

Ng'ambo ya njia, Muksini Salehe, fundi wa redio na simu, anapaza sauti kutoka mlangoni pake. "Shikamoo mama! Leo inaona?"

"Marahaba. Leo imeamka kipofu."

"Lakini inasikia?"

"Inasikia kuliko wewe. Jana nimekuita mpaka koo likakauka."

Waliokuja kukobolesha mpunga wanacheka huku wameshika magunia yao. Wameyazoea mazungumzo hayo. Ndiyo salamu ya kila siku baina ya vibanda hivi viwili.

Tusajigwe ana miaka 50 na watoto wanne, na watu wengi hapa hawalijui jina lake. Wanamwita Mama Taipu. Anachapa barua za maombi ya kazi, katiba za vikundi, ratiba za kwaya, mitihani ya shule za msingi na wasifu wa marehemu. Malipo ni shilingi mia tano kwa ukurasa. Tangu katikati ya mvua za mwaka huu wa 2011, nyingi ya kazi hizo anazifanya bila kuona anachoandika.

Kompyuta hiyo aliletewa miaka minne iliyopita na Andrea, mtoto wa shangazi yake, anayefanya biashara Karonga, upande wa Malawi. Ilikuwa imeshatumika. Herufi kadhaa kwenye vitufe zilikuwa zimefutika, na pembeni kulikuwa na alama ya kikombe cha chai cha mtu asiyemjua. Hilo halikumsumbua.

"Herufi za nini?" anauliza. "Mimi sijawahi kuziangalia."

Ugonjwa ulianza kwa mistari ya rangi, nyekundu na kijani, iliyosimama wima juu ya kioo kama kitenge kilichoanikwa. Baadaye ikaja miraba midogo midogo. Kisha giza. Muksini aliichukua, akaiunganisha na televisheni ya dukani kwa baba yake, na ile mistari ikatokea kwenye televisheni vilevile. Hapo akajua kioo hakina kosa.

"Anayeumwa ni chipu ya picha," anaeleza Muksini, na anaonyesha kwa ukucha wa kidole gumba ukubwa wake. "Ndiyo inayokiambia kioo kionyeshe nini. Imeshikwa kwenye bodi kwa vitone vya risasi ya kulehemu, vidogo kama uwele. Mashine ikipata moto vinatanuka, ikipoa vinasinyaa. Mwaka baada ya mwaka, vinapasuka."

Muksini aliipiga moto kwa mashine yake ya kupuliza hewa, ili vile vitone viyeyuke na kushika upya. Mara ya kwanza kompyuta iliona msimu mzima wa kakao. Mara ya pili haikufika hata mavuno ya mpunga. Alipoambiwa aipige moto mara ya tatu, fundi alikuna kichwa.

"Mama, nikwambie ukweli. Hii sasa ni kama kuchemsha majani ya chai yaleyale. Ya kwanza chai, ya pili maji ya rangi, ya tatu unaweza kuunguza na sufuria. Itaona, au itakufa moja kwa moja."

Tusajigwe aliichukua mashine yake, akaifunga khanga, akarudi nayo kibandani. Kufa moja kwa moja ni neno analolijua. Kazi hii ilishamfia mara moja.

Alimaliza darasa la saba, na mwaka 1984 akaajiriwa katika chama cha ushirika cha wakulima. Katika chumba cha wachapaji aliwekwa chini ya Bi Keziya, mwanamke mfupi aliyevaa saa ya kiume na asiyetaka mchezo. Bi Keziya alikuwa na boksi la biskuti alilolikata pande mbili. Aliliweka juu ya taipureta, mwanafunzi akapenyeza mikono ndani, asione kitufe hata kimoja.

"Alikuwa akisema, 'Macho kwenye karatasi ya mwenye barua. Vidole vinajua kwao,'" anakumbuka Tusajigwe. "Nililia wiki za mwanzo. Baadaye nikawa nachapa huku namjibu mtu maswali."

Barua nyingi alizochapa zilikuwa za mwenyekiti wa chama cha msingi cha Katumba Songwe, Ambilikile Mwaseba. Mzee huyo alikuwa mwingi wa barua. Aliandika kuhusu mizani iliyochezewa, kuhusu magunia yaliyochelewa, kuhusu daraja la miti lililoondoka na mto Songwe. Wachapaji wengine walipomwona akishuka kwenye baiskeli na mkoba wake wa ngozi, walijifanya wanakwenda chooni. Alibaki Tusajigwe.

Ikaja biashara huria. Wanunuzi binafsi wakaingia vijijini na mizani zao, wakulima wakauza kwa aliyewahi kufika. Ushirika ukapungua kama mtungi unaovuja. Siku moja wachapaji waliambiwa wasikae, kazi imekwisha. Taipureta zilitolewa nje zikauzwa, nyingine kwa watu wa vyuma chakavu.

"Niliona yangu inapandishwa kwenye mkokoteni, inanichungulia kati ya vyuma," anasema, na anacheka kidogo. "Nilikwenda kuuza vitumbua. Miaka zaidi ya kumi, vitumbua. Watu wakanisahau kuwa niliwahi kuwa mtu wa ofisi. Ndiyo maana Muksini aliposema itakufa, usingizi uliruka. Sikutaka kurudi kwenye kikaango. Si kwamba kina aibu, hapana. Ila mikono yangu ina kazi yake."

Mwezi wa nne mwaka huu, asubuhi ya mvua, kijana mmoja alisimamisha baiskeli mbele ya kibanda, analowa. Alikuwa Lutengano, mtoto wa mwisho wa Mzee Ambilikile. Kifuani, ndani ya mfuko wa nailoni, alikuwa na karatasi zilizoandikwa kwa mkono.

"Mama, mzee ametutoka. Tunazika kesho. Naomba wasifu."

Tusajigwe alimpa pole, akamkalisha. Kisha akabonyeza kitufe. Muziki ulilia, kioo kikabaki giza. Muksini alikuwa amekwenda Mbeya kununua vifaa.

"Mwanangu, mashine haioni leo. Nenda kule stendi, wana kompyuta mpya."

Lutengano alitikisa kichwa. "Mzee alikuwa akisema barua zake zina mwenyewe. Mama, hii ndiyo barua yake ya mwisho. Nimpelekee nani?"

Basi Tusajigwe alifuta mikono, akaweka karatasi za kijana upande wa kushoto, akafumba macho kidogo. Muksini alikuwa ameshaitegesha mashine hiyo ili ikiamka tu ifungue ukurasa wa kuandikia. Akaanza.

Alichapa ukurasa wa kwanza, akabonyeza vitufe vya kuchapisha. Karatasi ikatoka kwenye printa iliyo pembeni, akaisoma. Herufi mbili tu zilikosewa, akairudia yote, kama enzi za taipureta. Wa pili ulitoka safi. Alipofika wa tatu, wingu jingine lilikuwa linashuka, na Lutengano alikuwa amesimama na mfuko wake mkononi. Karatasi ilipotoka, kijana aliipokea hapohapo kutoka kwenye mdomo wa printa, kabla haijasomwa, akaikunja pamoja na zile mbili.

"Ndaga fijo, mama," alishukuru, akaondoka.

Mchana Tusajigwe aliutoa tena ukurasa wa tatu, abaki na kumbukumbu ya mzee wake. Akavaa miwani, akasoma watoto, wajukuu, na yale maneno ya Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Alipodhani amemaliza, akaona chini yake pana mistari mingine. Vidole vyake vilikuwa vimeruka nafasi mbili na kuendelea vyenyewe:

*Wako katika ujenzi wa Taifa,*
*A. Mwaseba,*
*Mwenyekiti.*

"Nilikaa chini," anasema. "Ndivyo barua zake zote zilivyomalizika. Zote! Akili yangu ilikuwa msibani, vidole vikarudi ofisini. Nimemfanya marehemu atie saini kifo chake mwenyewe. Nikajiona nimemaliza kazi hii kwa mikono yangu. Nani atanipa tena wasifu wa mtu wake?"

Simu ya Lutengano haikupatikana. Asubuhi Tusajigwe alimkodi mwendesha baiskeli, akapakiwa mpaka Katumba Songwe na ukurasa mpya mkobani, aliouchapa upya na kuusoma mara nyingi. Njia ilikuwa tope. Mara mbili walishuka na kusukuma. Waliposikia wimbo kutoka kwenye migomba, alijua wamechelewa.

Watu walikuwa wamejaa mpaka barazani kwa jirani. Aliko, mdogo wake marehemu, alikuwa amesimama kando ya jeneza, na mkononi ana ukurasa wa tatu. Tusajigwe alijipenyeza, akamwinulia ile karatasi yake. Mama mmoja alimvuta upindo wa khanga. "Kaa chini wewe, wanasoma."

Aliko alisoma majina ya watoto. Akasoma Bwana alitoa. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelia usiku kucha, na hakuwa mtu wa kuruka neno lililoandikwa. Akaendelea.

"Wako katika ujenzi wa Taifa. A. Mwaseba. Mwenyekiti."

Aliko aliitazama karatasi kama imemng'ata. Tusajigwe aliinamisha uso.

Aliyeanza ni mjane. Kutoka kwenye mkeka wake alitoa sauti ambayo wengi walidhani ni kilio, kumbe ni kicheko. "Ndiye huyo!" alisema. "Ndiye huyo mwenyewe! Hata mimi aliniandikia hivyo alipokuwa kwenye mkutano Mbeya. Mkewe!"

Mzee mmoja nyuma akaitikia kwa nguvu, "Ndaga, Mwenyekiti!" Mwingine akafuata, kisha wengine, wale wakulima wa zamani waliowahi kupanga foleni kwenye mizani ya ushirika. Ndaga, Mwenyekiti. Walikuwa wanacheka na kufuta macho kwa mikono ileile.

Tusajigwe alimfuata Lutengano baada ya maziko, akamweleza kila kitu na kumpa ukurasa sahihi. Kijana aliutazama, akamrudishia.

"Huu kaa nao wewe, mama. Sisi tuna wa kwetu."

Tangu hapo kazi haikupungua. Leo hii, kabla ya saa nne, anafika Mzee Lazaro kutoka Njisi, fimbo mkononi. Amekuja kuchapiwa barua ya kudai mpaka wa shamba, lakini ana jambo la pembeni.

"Binti yangu, mimi nilikuwa mpima mizani, unakumbuka? Siku yangu ikifika, na mimi niwekee yale maneno ya mwisho."

"Babu, mbona unaharakisha?"

"Siharakishi. Naiona mashine yako. Nani atatangulia, mimi au yenyewe?"

"Mko sawasawa," anajibu Tusajigwe bila kuacha kuchapa. "Wote mnakohoa asubuhi, mkipata joto mnasema sana."

Mzee anacheka mpaka anashika meza.

Kwa sasa Tusajigwe hataki kusikia habari za moto wa tatu. Kila ukurasa anautoa na kuusoma wote mpaka nukta ya mwisho kabla mteja hajaugusa. Ukikosewa, anaurudia. Ni kazi ya polepole, na karatasi nyingi zinaishia kuwa vifungashio vya karanga.

Andrea ameahidi kumtafutia kompyuta nyingine baada ya msimu wa kakao. Bei anayoisikia ni laki tano, na anaiwekea kidogo kidogo. Lakini ya zamani hataiuza wala kuitupa. Wasichana wawili wa jirani, waliomaliza darasa la saba, wameshamwomba awafundishe. Atawakalisha mbele ya hiyohiyo.

Muksini, aliyevuka njia kuja kuomba chenji, anasikia. "Na nikipata chipu mpya, mama? Nisiiweke?"

"Usithubutu," anasema Tusajigwe. Anaichomoa barua ya Mzee Lazaro, anavaa miwani, anaanza kuisoma kutoka juu. "Bi Keziya alihangaika na boksi la biskuti. Mimi hii imejifunika yenyewe."