Kihenge cha Safu ya Tatu

Nakumbuka siku moja ya kipupwe, Jumamosi tarehe 5 Julai 1952, nikiwa na umri wa miaka kumi na tisa na ndoa ya miezi minne. Tarehe nazitaja kwa uhakika, mwanangu, kwa sababu mwaka huo ndio niliojifunza kuziandika.

Tuliishi katika kambi ya wachimbaji wa dhahabu upande wa Geita, safu ya tatu: vyumba kumi na viwili chini ya paa moja la bati. Kuta za kati hazikufika paani, hata jirani akikohoa ulimjua ni nani. Kila kipupwe, mashamba yakishavunwa na baridi ikianza kuuma, panya walihamia kwetu, na kunguni wakajaa katika kamba za vitanda. Msimamizi wa kambi akatangaza kwamba bwana afya akikuta panya tarehe 2 Agosti, wake na watoto wote watarudishwa makwao, na vyumba watapewa wanaume wasio na familia.

Kwangu mimi, hukumu hiyo ilikuwa nzito. Kambini palikuwa na darasa la jioni la kusoma na kuandika. Baba yangu alinipa ng'ombe wa kuchunga badala ya shule, na sasa nilikuwa nimefika nusu ya kitabu cha kwanza. Nikirudi kwetu Kishapu, nani angenifundisha nusu iliyobaki?

Basi nikapigana peke yangu. Nilifagia mara tatu kwa siku, nikaunguza kunguni kwa maji ya moto, nikakandika sakafu kwa samadi. Kisha nilisimama mlangoni nikiwasema majirani. Chumba cha pili aliishi Mama Kabula, mke wa mpishi wa kambi, mwenye umri wa mama yangu.

"Shikamoo, mayu," nilimwambia, yaani mama kwa Kisukuma. "Panya wako walinitembelea tena jana."

"Marahaba, binti. Labda walikuwa wanarudi nyumbani," akajibu, huku akiendelea kuchambua choroko. Wanawake wakacheka. Mimi sikuelewa.

Jumamosi niliyoitaja, bwana afya alikuja kusoma nyayo katika majivu aliyoyanyunyiza sakafuni mwetu jioni iliyotangulia. Chumba changu kinachong'aa kilikuwa na nyayo nyingi kuliko vyote, na zote zilielekea uvunguni. Huko nilikuwa nimeficha magunia mawili, la karanga na la mtama, aliyoniletea mama baada ya mavuno. Kwetu mwanamke mwenye heshima haanikii watu akiba yake. Lakini kwetu tuna kihenge, ghala dogo linalosimama nje juu ya mawe. Kambini nilikuwa na uvungu tu. Kweli nyani haoni kundule. Niliwalisha panya mimi mwenyewe, kisha nikawafukuza waende kwa wenzangu kwa kupitia juu ya ukuta.

Mama Kabula hakunisuta mbele ya watu. Aliingia, akaketi juu ya gunia langu, akasema, "Binti, huu si mji wa baba yako wenye ua wake. Hapa paa ni moja. Ukimfukuza panya peke yako, umemhamisha tu. Kidole kimoja hakivunji chawa. Na karanga hizi, ulitaka kutuonjesha lini?"

Nilipita milango kumi na mmoja nikiomba radhi, na nikagundua kwamba karibu kila uvungu ulikuwa na gunia lake. Tukakubaliana siku moja kwa wote, Jumamosi tarehe 19 Julai. Vitanda vyote vilitoka nje, kamba zikachemshwa, na wanaume wakaziba nafasi za juu ya kuta kwa mawe na udongo. Tukajenga kihenge kimoja juu ya nguzo, kila nguzo tukaivika bati la debe ili panya ateleze.

Mama Shija wa chumba cha saba alikataa katakata. "Mtama wangu uonwe na kila jicho la husuda? Mnataka niugue?"

Sikubishana naye. Nilitoa magunia yangu, nikayafungua mbele ya wote, nikayaingiza ya kwanza. Naye akaenda kuleta lake. Kwa mkaa nikaandika jina la mwenyewe juu ya kila gunia, na hayo ndiyo maandishi yangu ya kwanza yaliyowafaa watu.

Mwanangu, wewe unayeishi ghorofani, ukuta wako ni ukuta wa mwenzako. Usisubiri baridi iwalete wadudu; ziba matundu mapema, chakula ukiinue kutoka sakafuni na ukifunike vizuri, na siku ya usafi iwe moja kwa jengo zima. Kabla ya kugonga mlango wa jirani, inama kwanza utazame uvungu wako.

Tarehe 2 Agosti 1952, bwana afya alipekua vyumba vyote kumi na viwili, akatoka na vumbi magotini na mikono mitupu. Msimamizi akatukusanya, akasoma karatasi kwa sauti: familia zitabaki, na kila safu ijenge kihenge kama chetu kabla ya kipupwe kijacho. Vigelegele vilisikika hadi mgodini. Karatasi ile ikabandikwa mlangoni pa ofisi yake, nami nikaisoma mwenyewe, neno kwa neno, mpaka mwisho. Mungu akujalie nyumba yenye amani, na majirani wa kuilinda pamoja nawe.