Kisukari: nilijitengea sahani yangu, mama akafunga mizigo

Habari za humu wakuu. Niko Kalemie, Congo, ng'ambo ya Kigoma. Hii sijasimuliwa na mtu, imenikuta mwenyewe, na mama akiisoma hatanikana.

Nina kisukari aina ya pili. Macho yalianza kuona ukungu, na mimi ni fundi cherehani, kwa hiyo hofu yangu mnaielewa.

Daktari akanipa vidonge, akaniunganisha na kocha wa afya, Mama Riziki, anayeishi Lubumbashi. Hatujawahi kuonana. Napima sukari asubuhi, namtumia majibu, ananijibu kwa voice.

Sukari ikagoma kushuka. Akaniuliza nakula bukari kiasi gani, yaani ugali wetu wa muhogo.

Wakuu, sikujua. Kwetu sahani ni moja, mimi, mke wangu, watoto na mama, mama anakata vipande, kila mtu anamega, ukimaliza anakuongezea. Utajuaje umekula kiasi gani?

Akasema basi, pakua yako pembeni.

Jioni hiyo nikajipakulia, nikakaa na sahani yangu kwenye kona ya meza. Nilijiona mgonjwa mtiifu kweli.

Mama akaacha kula, akanawa mikono.

"Basi mimi njo niko mulozi ya hii nyumba," akasema. "Mutoto wangu anaogopa chakula nilipika."

Kwa wasiojua, "njo" ni ndiye, mulozi ni mchawi, na huku mtu akijitenga ghafla wakati wa kula, maana yake anahofia kuwekewa sumu. Nilimweleza habari za sukari mpaka nikakauka koo. Wapi! Kesho yake akafunga mizigo aende Kirungu kwa dada yangu.

Nilichanganyikiwa. Nikirudi kwenye sahani ya wote napoteza macho, nikikataa nampoteza mama.

Nikamwambia kocha kila kitu. Hakunilaumu. Akasema weka spika, mama asikie.

"Mama, jambo. Hapo kwenu nani njo anakata bukari?"

"Njo mimi."

"Basi mumurudishe kwa sahani ya wote. Mumukatie ninyi, kipande kama ngumi yake, na sombe mingi. Mimi niko mbali, mukono yangu haifike hapo."

Sombe ni kisamvu, wakuu. Mama akauliza kama samaki anaruhusiwa. Mizigo akaifungua mwenyewe.

Sasa sukari imetulia na naona vizuri, namshukuru Mungu na Mama Riziki. Ila polisi wa bukari ni mama. Juzi harusini shemeji alinisukumia tonge lingine, mama akalirudisha mbele ya wageni wote. "Hiyo siyo yake," akasema, akaendelea kula.

Nilichojifunza: ukipata kocha wa kwenye simu, usimfiche nyumbani kwako, mkutanishe na anayekupikia.

Miaka yote mama alinikatia kipande kikubwa kwa sababu ananipenda. Leo ananikatia kidogo, kwa sababu hiyo hiyo.

Wenye sukari humu, kwenu nani anakata ugali, na mmeshamwambia? Nasoma zote.