Boya lilipanda bila mimi

Leo nimeliliwa nikiwa hai.

Sisi wapiga mbizi tulikuwa kwa ile kwari ya mawe ya Kitengela iliyojaa maji, tukitafuta kijana aliyezama jana. Kabla niingie nilimwambia mama yake, "Mama, ukiona boya la rangi ya machungwa, jua niko chini yake napanda."

Huko chini ni matope tu. Sikumpata.

Nikajaza boya hewa litangulie juu, kamba yake ikifunguka mkononi mwangu. Kigurudumu cha kamba unakishika kwa vidole tu, kizunguke chenyewe.

Kamba ikanasa kwa glavu. Boya likaanza kunivuta juu, ile kasi ya kupasua mapafu.

Nikavua glavu, nikaachilia vyote.

Mama wa kijana akaona boya limeibuka karibu na ukingo. Akavuta kamba vile mtu anateka maji kisimani. Mwisho wake akapata kigurudumu na glavu tupu.

Wenzangu wanasema tangu jana hakuwa ametoa chozi. Hapo ndipo alipopiga nduru.

Nilipoibuka mikono mitupu, nilitaka kumwomba msamaha.

Akanishika uso. "Wewe umerudi. Enda upigie mama yako simu."

Nimepiga. Ameshika, nikamuuliza tu kama amekula.

Nyinyi mngemwambia nini?