Mtunza Beseni Apambana na Povu

Mtunza beseni la maji moto wa ile nyumba ya wageni hana salamu ndefu. Akifika huinamia maji kwanza, akayanusa, akasugua matone kwa vidole vilivyochujuka kwa klorini, akauliza, "Haya, leo mna nini?" Anayauliza maji, si watu. Wiki ile yalimjibu kwa povu. Wageni wakiingia tu na mashine ikianza kupuliza, povu linafura hadi ukingoni. Alipima dawa, ikawa sawa. Alibadilisha maji yote, wapi! Mwenye nyumba akaapa: likirudi leo, beseni linafungwa na mtunza wake anakwenda jikoni kuosha masufuria. Wifi yake mtunza beseni, dobi wa hapohapo, akacheka. "Wifi, jikoni nako kuna povu, hutaona ugeni."

Mtunza beseni akaenda kwenye kamba za kuanikia nguo. Alitwaa nguo ya kuogelea ya kukodisha, imetoka kufuliwa, akaichovya kwenye ndoo ya maji safi na kuikamua. Povu likapanda kama maziwa yaliyosahauliwa motoni. "Sabuni ya nani hii, wifi?" "Nilizidisha kidogo, zinukie." "Zinukie nini, na husuuzi!" Nguo zote zikasuuzwa, maji mapya yakatiwa, dawa ikapimwa upya. Jioni wageni wakajaa, mashine ikanguruma, viputo vikapanda na kupasuka palepale, na mwenye nyumba akatia miguu, akaona kucha zake mwenyewe chini ya maji. Mtunza beseni akashika kiuno, akapaza sauti hadi kwenye kamba za kuanikia: "Wifi! Jikoni wanatafuta mwosha masufuria, nimekutaja wewe!"