Samaki Mwenye Macho Manne

Nilikuwa na miaka tisa, huko Ntalikwa, nilipovua samaki aliyekaribia kunihamisha nyumbani.

Siku hizo za Waingereza, Bwana Ramji, Mhindi mwenye duka Tabora mjini, alikuwa na bwawa shambani kwake, jirani na kwetu. Yeye mwenyewe hakula samaki, kwa hiyo kila Jumamosi alituachia watoto tuvue. Tulizoea perege na kambale. Siku hiyo ndoana yangu ikatoa kitu kingine: samaki bapa, mpana kama kiganja, kifua rangi ya chungwa, na nyuma ya kila shavu doa jeusi la mviringo, mfano wa jicho la pili.

“Macho manne!” alipiga kelele Mama Paskali, jirani yetu, aliyekuja kuchota maji. “Huyo ni wa mizimu! Anayemvua hupeleka msiba kwao.”

Mama yangu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Hadi jioni watu walikwisha kuunganisha msiba ule na samaki huyu: mtoto huyu ana mkosi, apelekwe kwa wajomba zake Ipole kabla hajaimaliza nyumba. Baba aliinamisha kichwa tu.

Aliyeinuka ni Veronika, mama yangu wa kambo. Alikuwa na miezi mitatu tu kwetu, nami sikuwa nimemwita mama hata mara moja. Alimtia samaki kwenye bakuli, akanishika mkono, tukaenda kwa Bwana Ramji.

“Huyu? Huyu mgeni tu,” alisema Bwana Ramji akicheka. “Mzungu mmoja aliwaleta kwa treni, wadogo wadogo, ndani ya debe la maji. Jina alinitajia, nimelisahau. Kwao wanaliwa.”

Tuliporudi nyumbani, majirani hawakuridhika. “Mhindi atajuaje mizimu ya Unyamwezi?”

Veronika hakubishana. Alimpaa yule samaki, akamchoma, akaketi uani mbele ya wote, akamla mpaka ikabaki miiba.

“Kama kuna msiba, uanzie kwangu,” alisema. “Mtoto haendi popote.”

Hakufa mtu. Mvua zikanyesha, tukalima, maneno yakapoa. Baadaye hata Mama Paskali alikuwa akituagiza tumvulie wa macho manne.

Kwa miaka mingi nilidhani Veronika alikula kwa sababu hakuamini mambo hayo. Nilikuwa tayari na watoto wangu siku nilipomwuliza, tukimenya karanga.

“Niliamini yote,” alisema. “Usiku ule sikufumba jicho, nangoja kufa.”

“Sasa mama, ulikula kwa nini?”

Alinishangaa. “Wewe ungekwenda wapi?”

Nikaendelea kumenya. Amekwisha kutangulia sasa, na ninamshukuru kila ninapomkumbuka. Wanangu nimewalea kadiri nilivyoweza, lakini sijawahi kutakiwa nile kitu ninachokiogopa kwa ajili ya mtoto ambaye hajaniita mama.