Sinia la Mandazi Lililokataliwa

Wazee wenzangu kanisani waliniomba nisiseme habari hii mbele ya watu. Walisema inaitia familia aibu na inawapa vijana sababu ya kutucheka. Nimewasikiliza, na nimekataa. Aibu ilikuwa kunyamaza wakati gari la mke wangu lilikuwa karibu kuchukuliwa. Aibu hiyo nimekwisha kuionja, hakuna anayeweza kuniongezea nyingine.

Tunakaa St Marys, kitongoji cha jiji hili la ugenini tulikoletwa kutoka kambini. Mke wangu anahudumia wazee majumbani mwao, wengi wao upande wa Liverpool, kitongoji kingine cha jiji hili hili, na zamu yake huanza alfajiri kabla ya basi lolote la maana kutembea. Bila gari hana kazi. Mimi mgongo ulinishinda baada ya miaka ya kuinua maboksi kwenye ghala moja la Wetherill Park, kwa hiyo mshahara wake ndio uliokuwa unatulisha. Gari lenyewe lilikuwa la mkopo. Juu ya mkopo huo kulikuwa na kadi za benki, na mkopo mwingine wa haraka nilioupata kwenye simu nikiwa nimekaa kitandani. Sitamsingizia mtu. Kila msiba uliotokea kwetu Uvira, kila harusi iliyofanyika hapa, nilitaka mchango wangu uwe mkubwa na usomwe wa kwanza. Ulisomwa. Watu walipiga makofi. Makofi hayo niliyalipia kwa kadi.

Mke wangu ndiye aliyesikia, kwa mfanyakazi mwenzake, kwamba nyuma ya maduka karibu na stesheni kuna ofisi inayosaidia watu wenye madeni bila malipo.

"Bure?" nikamuuliza. "Na huyo anayesaidia analipwa na nani?"

"Twende ukamuulize mwenyewe, papa."

Nilikuwa na sababu zangu. Kambini Tanzania tulipanga foleni ya mahindi na maharage miaka mingi, tukifokewa na watu wadogo kuliko watoto wetu. Siku tuliyopanda ndege niliapa kwamba sitapanga tena foleni ya kitu cha bure. Hata hivyo nilikwenda. Na kwa kuwa kwetu mtu haendi kuomba jambo mikono mitupu, mke wangu alikaanga mandazi, nikayabeba kwenye sinia lililofunikwa kitambaa.

Mshauri alikuwa mama wa Kizungu mwenye mvi, amevaa sweta. Nilimsogezea sinia. Aliyatazama mandazi kwa hamu, nilimwona, kisha akalirudisha sinia upande wangu. Akasema asante sana, lakini haruhusiwi kupokea chochote kutoka kwa watu anaowasaidia. Nilitabasamu kwa adabu tu. Nilivyolelewa mimi, mtu akikataa chakula changu amenikataa mwenyewe. Halafu akaanza kuuliza. Kodi ya nyumba kiasi gani? Nyama kiasi gani? Pesa mnazotuma nyumbani kiasi gani? Kwenye swali hilo la mwisho nilisimama nikachukua sinia langu.

Tuliyala yale mandazi ndani ya gari.

"Umeondoka kwa sababu ya mandazi," mke wangu akasema mwishowe.

"Nimeondoka kwa sababu ya heshima yangu."

"Sawa. Wakichukua gari, heshima yako itanipeleka kazini."

Haikupita wiki rafiki mmoja akanipa namba ya mtu wa kampuni inayoshughulikia madeni kwa malipo. Alikuja nyumbani Jumamosi jioni, Mrundi wa makamo, amevaa vizuri, Kiswahili chake cha kambini kama chetu. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Alinawa, akala fufu na sombe ya majani ya muhogo kwa mkono, akaomba kuongezewa samaki. Hakuuliza natuma kiasi gani nyumbani.

"Papa, wewe ni mtu mkubwa," aliniambia. "Watu kama wewe hawaendi kukaa kwenye viti vya plastiki kusubiri msaada. Tuachie sisi."

Mke wangu akauliza kutoka jikoni, "Na nyinyi mnakula wapi, mwanangu?"

"Hapa hapa kwako, mama."

Sisi wanaume wawili tulicheka. Mke wangu hakucheka.

Kosa langu liko hapo, na sitaki mtu mwingine anibebee. Karatasi ilikuwa mezani, karibu na mifupa ya samaki. Nilisoma sekondari, Kiingereza kile ningekwenda nacho polepole ningekielewa. Lakini niliona ni ushamba kumuuliza bei mtu ambaye bado anajifuta mdomo mezani kwangu. Nikasaini.

Kampuni iliniambia nisiwalipe tena watu wa gari. Pesa niwape wao, na wao watazungumza na kila anayenidai. Nikawapa, kwanza ada ya kufungua faili, kisha ada ya kila wiki. Miezi ikapita. Asubuhi moja watu wa gari wakapiga simu. Walikuwa hawajapokea kitu, hakuna mtu aliyezungumza nao, na wasipolipwa watakuja kulichukua. Nikampigia yule bwana. Alisema nilizotoa zote zilikuwa ada, kazi yenyewe ndiyo inaanza sasa, na kuna karatasi nyingine ya kusaini, akanitumia nakala yake kwenye simu.

Mke wangu alisikia simu zote mbili. Alikuwa amevaa sare ya kazi, funguo mkononi.

"Kesho tunarudi kwa yule aliyekataa mandazi," akasema. "Na ukisimama tena, utaondoka peke yako."

Nilikwenda mikono mitupu. Nilijiona kama nimetoka nyumbani bila shati. Kabla sijakaa nilimuuliza yule mama, kwa Kiingereza changu cha ghalani, kwa nini alikataa chakula chetu. Hakukasirika. Alisema, "Nikipokea cha kwako, mwenzako asiye na cha kuleta atasikia, na ataogopa kuja." Nikamuuliza nani anamlipa. Akasema ofisi inalipwa na serikali, si na mimi wala wale wanaonidai, na yeye haruhusiwi kunitoza hata senti.

Nikakaa. Safari hii nilipoulizwa natuma kiasi gani nyumbani, nilitaja kiasi cha kweli. Mke wangu aligeuka kunitazama, maana hata yeye alikuwa hajui. Mshauri aliandika tu, hakuniambia niache. Kisha akasoma ile karatasi ya pili ya kampuni. Akaeleza kwamba kisheria ilikuwa inakaribiana na kutangaza kufilisika, ingeniandama kwa miaka, na isingezuia gari kuchukuliwa.

Akawapigia watu wa gari, sisi tukisikiliza. Nilidhani atabembeleza, kwa sababu mimi ningebembeleza. Aliwaambia kwa sauti ya kawaida kwamba mteja wao amepata shida, kwamba sheria inampa haki ya kuomba apunguziwe malipo, na kwamba anaomba sasa hivi. Siku chache baadaye wakakubali kwa maandishi: tulipe kidogo kwa muda, na gari libaki kwetu.

Yule bwana wa kampuni alirudi Jumapili, tulipotoka ibadani, na karatasi yake ndani ya bahasha. Nilimkaribisha mezani.

"Kula," nikamwambia. "Chakula hapa ni bure. Kusaini ndiko sitaki."

"Papa, mkataba ni mkataba."

"Nimeandika barua ya kuuvunja. Na malalamiko yangu yako kwenye ofisi inayosikiliza malalamiko ya wateja. Ongeza sombe."

"Umekwenda kwa wale wa bure?" Alitikisa kichwa. "Papa, wale ni wa watu walioshindwa."

"Basi wamempata mtu wao. Mimi nilishindwa siku ile nilipokulisha badala ya kukuuliza bei. Nakuuliza leo. Ada zenu zote, mwanzo hadi mwisho, ni kiasi gani? Sema, mama yako anasikia."

Alikuwa na tonge mkononi. Alilizungusha kwenye sombe, akalizungusha tena. Mke wangu akamletea maji ya kunawa kabla sahani yake haijaisha. Alinawa, akavaa viatu, akaondoka na bahasha yake.

Katika pesa nilizowapa kampuni, chache zimerudi. Nyingine sitaziona tena, na ninajuta, kwa sababu zilitoka kwenye miguu ya mke wangu anayezunguka nyumba za watu alfajiri. Madeni bado nayalipa. Lakini mtu wa kwetu akikwama, namsindikiza mwenyewe kwenye ofisi ile nyuma ya maduka, namwambia aache mandazi nyumbani na aseme kiasi cha kweli anachotuma. Wazee wenzangu hawapendi. Mmoja ameniambia najidhalilisha, nami nikamuuliza kama gari lake limekwisha kulipwa.

Siku hizi michango inaposomwa kanisani, wangu huja karibu na mwisho, na hakuna anayeupigia makofi. Nakaa benchi la mbele nikiusikiliza. Gari tulilokuja nalo limeegeshwa nje, na kesho alfajiri mke wangu ataliwasha aende Liverpool.